Hichi ya kusambaza uzito: pua ya pikapu inapanda nikifunga trela la kulala, nianzie wapi kurekebisha?

Kichuguu_TX

Wakuu salaam. Naomba msaada kwenu mnaovuta matrela ya kulala huku Marekani.

Gari ni F-150. Kibandiko cha mlangoni: uzito wa juu wa gari na kila kilichomo pauni 7,050, ekseli ya nyuma pauni 3,800. Trela ni la futi 26, ekseli mbili, uzito wa juu pauni 7,600. Hichi, yaani kiungo cha kuunganisha gari na trela, ni ile ya vyuma viwili vya springi vya mviringo vinavyoshikwa na minyororo, daraja la 1,000/10,000 (pauni kwenye boli / pauni za trela), pamoja na kile chuma cha pembeni cha msuguano cha kupunguza kuyumba. Aliyeniuzia trela ndiye aliyeifunga.

Nimepima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa na mizigo ya safari:

Mbele: bila trela inchi 36. Trela juu ya boli (lile tufe la chuma la hichi linalobeba pua ya trela) bila vyuma, 37. Vyuma vikiwa vimekazwa kama nilivyokabidhiwa, 36⅞.
Nyuma: 38¾, halafu 36¾, halafu 36⅞.

Mnyororo umeshikwa kwenye pete ya nane kuhesabu kutoka kwenye chuma cha springi. Kilele cha boli bila trela kiko inchi 25¾ kutoka chini. Trela likiwa limekaa sawasawa peke yake, kopla (kile kikombe cha puani mwa trela kinachokaa juu ya boli) iko inchi 22.

Usukani ni mwepesi kupita kiasi, taa zinawamulika wa mbele, na malori yakinipita kwenye barabara ya I-35 trela linavutwa kwanza halafu linasukumwa. Je, nikaze minyororo tu au kuna zaidi? Naomba kuwasilisha.

---

SpanaMkononi

Mkuu, umekuja na vipimo, kazi nusu imeisha. Hapo vyuma vyako vinaning'inia tu. Mbele ilipanda inchi 1 trela lilipokaa, vyuma vikarudisha moja ya nane. Ndiyo maana usukani ni mwepesi: matairi ya mbele yamepunguziwa mzigo na hakuna aliyeurudisha.

Kwanza fungua kitabu cha gari, sura ya kuvuta trela, uone wanataka mbele irudi kiasi gani. Siku hizi wengi wanataka nusu ya kile kilichopanda, wengine zaidi kidogo. Zamani mafundi walikuwa wanarudisha chote hadi namba ya mwanzo, na bado utakutana nao. Ubaya wake ni kwamba ukirudisha chote unapunguza mzigo wa ekseli ya nyuma kupita kiasi, na ukikata kona ya ghafla nyuma ya pikapu inateleza kwanza. Kwa nusu, shabaha yako mbele ni 36½.

Lakini usianze na minyororo, anza na kimo cha boli. Boli yako iko inchi 3¾ juu ya kopla. Kanuni ya kawaida ni kuanza na inchi 1 hadi 1½ juu, lakini hiyo ni ya kuanzia tu. Pikapu ya nusu tani kama yako ina springi laini, na boli iko nyuma sana ya ekseli kwa hiyo inashuka zaidi ya madigadi yanavyoshuka. Kwa vipimo ulivyoleta, vyuma vikikazwa vizuri boli itazama kama inchi 2½. Maana yake pua ya trela itabaki juu kwa inchi moja na ushee. Kumbuka pia ukikaza vyuma nyuma ya gari inapanda, na pua ya trela inapanda nayo, kwa hiyo hali itazidi kuwa mbaya kuliko unavyoiona sasa. Shusha kichwa cha hichi tundu moja kwenye shanki (kile chuma chenye matundu kinachoingia nyuma ya gari). Tundu kwa tundu ni kama inchi 1¼. Boli itafika 24½, ikizama itatua karibu na 22.

Pua ya trela ikiwa juu, ekseli ya nyuma ya trela inabeba kuliko ya mbele, matairi yake yanachemka, na uzito wa kwenye boli unapungua. Trela likae sawa, au pua iwe chini kidogo. Juu, hapana.

Baada ya hapo ndipo unashika mwinamo wa kichwa na minyororo. Kichwa kinainamishwa kwa kuongeza washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) kwenye pini yake. Kila washa inainamisha kichwa kuelekea trela, ncha za vyuma zinashuka, na kwa pete ile ile ya mnyororo unapata mkazo mkubwa zaidi. Jaribu hivi: pete ya saba, pima. Haitoshi, pete ya sita, pima. Ukifika pete ya tano na bado mbele haijashuka, rudi ya saba na uongeze washa moja. Usiende chini ya pete tano kati ya chuma na kishikio (kile cha kwenye fremu ya trela kinachoshika mnyororo). Mnyororo ukiwa mfupi sana haupati nafasi ya kulala ukikata kona, unavuta kishikio pembeni, na ama kishikio kinazunguka kwenye fremu au mnyororo unakatika.

Mnyororo uwe wima ukitazama kwa upande gari na trela vikiwa vimenyooka. Ukilala mbele au nyuma, legeza bolti ya kishikio ukisogeze. Mtungi wa gesi ukizuia, hamisha mtungi, usihamishe kishikio ili kupata urahisi. Vyuma vikishakazwa viwe karibu sambamba na fremu ya trela.

Kufunga: kopla ikishashika boli na kufuli limeingia, pandisha jeki ya trela mpaka nyuma ya pikapu ipande nayo inchi 3 au 4. Hapo kwanza utajua kopla imeshika kweli, maana isiposhika itachomoka gari likiwa limesimama, si barabarani. Pili, mnyororo utaingia kwenye kishikio kwa mkono mmoja. Ukiona unaning'inia kwenye ule mpini wa kukazia mnyororo kwa uzito wako wote, jeki haijapanda vya kutosha. Mpini ukiponyoka ukiwa na mkazo unavunja mkono, kwa hiyo simama pembeni yake, na weka pini ya usalama kabla ya kugusa jeki tena.

Upime kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, mafuta yamejaa, familia na mizigo ndani. Vipimo vya gari tupu havina kazi.

---

Mwendokasi_OH

Mbona mnamzungusha? Weka mifuko ya upepo kwenye springi za nyuma, jaza upepo, gari linanyooka. Dola mia chache na nusu siku ya kazi.

---

SpanaMkononi

Gari litanyooka, uzito hautahama. Mfuko wa upepo unasukuma fremu juu kutoka ekseli ya nyuma; ekseli hiyo bado imebeba yote, na matairi ya mbele yanabaki mepesi vile vile. Kinachohamisha uzito ni wenzo: vyuma vya springi vinashika fremu ya trela na kuinua nyuma ya gari, mzigo unagawanywa kati ya ekseli ya mbele ya gari na ekseli za trela. Madigadi yakikaa sawa kwa sababu ya upepo, unapoteza hata ile dalili ya kukuambia mambo hayajakaa.

Mwenye mifuko tayari aweke upepo wa chini kabisa unaoruhusiwa, afunge hichi kwa vipimo, halafu kama bado inagonga aongeze kidogo mwishoni.

Tena angalia kibandiko cha kwenye risiva ya gari (pale nyuma shanki inapoingia). Mara nyingi kina mistari miwili. Uzito ukikaa juu ya boli bila vyuma, pikapu nyingi za daraja hili zinaruhusiwa pauni 500 tu kwenye boli na trela la 5,000. Zile namba kubwa za kwenye matangazo ni za mstari wa pili, wenye hichi ya kusambaza uzito. Trela la futi 26 bila vyuma limeshavuka.

---

Dada_Kambi

Naongeza moja ambayo hamjaigusa: uzito wa boli kwenye trela lenyewe. Karatasi ya muuzaji inataja trela tupu, mara nyingi bila betri, bila gesi, bila maji. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukijazwa unakaribia pauni 38 na chuma chake, na mingi inakaa puani, iko miwili. Betri nayo iko hapo hapo. Maji ni pauni 8.3 kwa galoni. Tangi la galoni 40 ni pauni 332. Tafuta tangi lako liko wapi. Likiwa mbele ya ekseli, kulijaza kunaongeza uzito wa boli. Likiwa nyuma ya ekseli, unasafiri na trela lenye pua nyepesi, na hapo ndipo kuyumba kunapoanzia.

Unatafuta asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa iwe kwenye boli. Chini ya 10 hakuna hichi itakayokuokoa. Chuma cha msuguano kinatuliza trela lililopakiwa vizuri, hakitibu trela lililopakiwa vibaya. Wanaofunga baiskeli nne kwenye bampa ya nyuma ya trela halafu wanauliza kwa nini linatikisa mkia, jibu wamelifunga wenyewe.

Kupima nyumbani inawezekana kwa mizani ya bafuni. Ubao imara, upande mmoja tofali, upande wa pili mizani. Jeki ya trela ikae juu ya ubao, futi 1 kutoka ulipoegemea kwenye tofali na futi 2 kutoka ulipoegemea kwenye mizani. Namba ya mizani zidisha kwa 3, ukishaondoa uzito wa ubao wenyewe. Kopla iwe katika kimo cha safari, na weka kabari kwenye matairi ya trela, zote nne.

Ila kwa ukweli nenda mizani ya CAT kwenye kituo cha malori. Unapata karatasi yenye ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na trela, kila moja na namba yake, na kupima tena hapo hapo ndani ya saa 24 ni bei ndogo. Pima mara tatu: vyuma vikiwa vimekazwa, vyuma vikiwa vimelegezwa, na pikapu peke yake bila trela ila watu na mizigo wote wamo. Ekseli ya mbele ikae kwenye bamba la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, trela kwenye la tatu.

---

Kichuguu_TX

Asanteni sana wakuu, na wewe dada. Nimeshusha kichwa tundu moja, nimeongeza washa moja, mnyororo uko pete ya sita. Mbele 36½, nyuma 37¼, trela limekaa sawa. Karatasi za mizani, kwa pauni:

Pikapu peke yake: mbele 3,320, nyuma 2,860.
Na trela, bila vyuma: mbele 2,960, nyuma 4,060, trela 5,980.
Na trela, vyuma vimekazwa: mbele 3,140, nyuma 3,780, trela 6,080.

Nisaidieni kuzisoma. Na chuma cha msuguano kinakazwa kiasi gani?

---

Dada_Kambi

Kaka, karatasi nzuri hizo. Hesabu iko hivi.

Pikapu peke yake jumla 6,180. Na trela bila vyuma, ekseli mbili za pikapu jumla 7,020. Tofauti, 840, ndiyo uzito wa boli. Trela zima ni 5,980 jumlisha 840, yaani 6,820. Gawanya: asilimia 12.3. Hapo hakuna neno.

Mbele ilipoteza 360 trela lilipokaa (3,320 hadi 2,960). Vyuma vimerudisha 180. Nusu kamili, na futikamba yako ilisema hivyo hivyo. Ekseli za trela zimepokea 100, na ekseli ya nyuma ya gari imetua 280. Jumla ya msafara ni 13,000 kwa karatasi zote mbili, kwa hiyo hakuna namba iliyopotea njiani.

Sasa kuna hili. Bila vyuma ekseli ya nyuma ilikuwa 4,060 na kibandiko chako kinasema 3,800. Ulikuwa umezidisha. Sasa uko 3,780, umebakiwa na pauni 20. Gari zima ni 6,920 dhidi ya 7,050, umebakiwa na 130. Kuni, jenereta, friji ya barafu, chochote kinachoingia kwenye kitanda cha pikapu kuanzia leo kinakupeleka nje ya kibandiko. Toa vitu vizito kitandani, viweke ndani ya trela juu ya ekseli au mbele yake kidogo tu, chini sakafuni. Trela lina nafasi, liko 6,820 na linaruhusiwa 7,600. Ukivisukuma vyote puani, vitarudi kwenye boli na utakuwa umezunguka mbuyu.

Na usikaze vyuma zaidi ili kupata nafasi kwenye ekseli ya nyuma. Hiyo kwangu ndiyo hatari kubwa ya watu wenye karatasi za mizani mkononi: wanaanza kutibu namba badala ya kupunguza mzigo.

---

SpanaMkononi

Chuma cha msuguano: ule mpini wa juu ni wa kufunga na kufungua tu, unazungushwa mpaka mwisho. Kiasi cha msuguano kinapangwa kwa bolti ndogo iliyo chini yake. Anza na mpangilio wa kiwandani, kaza kidogo kidogo. Ukiona baada ya kona pikapu haitaki kunyooka mpaka uirudishe kwa usukani, umezidisha. Vile vipande vya msuguano visiguswe na grisi wala mafuta. Grisi ni ya boli na ya pale vyuma vya springi vinapoingia kwenye kichwa.

Kukiwa na mvua, barafu au changarawe, legeza mpini kabisa. Barabara ikiteleza, chuma hicho kinazuia gari na trela kujikunja kwenye kona, na pikapu inaweza kwenda moja kwa moja badala ya kufuata kona.

Kurudi nyuma: kiondoe kabla hujaweka rivasi. Kikifika mwisho wa mkunjo kinapinda, au kinang'oa kile kiboli kidogo kwenye fremu. Vyuma vya springi vinaweza kubaki kwa rivasi ya kawaida, lakini ukiingia kambi yenye kona kali, au njia yenye mwinuko wa ghafla wa kuingilia, vitoe. Gari likiwa bondeni na trela likiwa juu, vinapata mkazo ambao havikuundiwa.

Boli: shina la inchi 1¼ nati yake inataka karibu futi-pauni 450, soma karatasi ya hichi yako. Spana nyingi za toki za nyumbani zinaishia 250. Karakana ya matairi ya malori wanayo kubwa. Ukikosa, mpini wa futi 3 na mtu wa pauni 150 akiuegemea wote mwishoni inakaribia hapo, ni makadirio tu, kwa hiyo uipitishe karakana. Bolti za kichwa kwenye shanki na za vishikio vya minyororo zikaguliwe tena baada ya maili 50 za kwanza, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa inasagika na bolti inalegea bila kuzunguka.

---

Mzee_wa_Leicester

Huku Uingereza msije mkaiga wala sisi kuwaiga. Karavani za huku zinaundwa ekseli ikiwa karibu na katikati, pua inabeba kama asilimia 5 hadi 7, na magari mengi yanaruhusu kilo 75 hadi 100 tu kwenye boli. Kijana wetu ana 840, hiyo ni kilo 381. Kuyumba huku tunakutuliza kwa kopla yenye vibanio vya msuguano vinavyoibana boli yenyewe, na kwenye barabara kuu tukivuta mwisho ni maili 60 kwa saa. Nasema kwa sababu video za pande zote mbili zinachanganywa mtandaoni, na mtu anaishia kupakia trela la Kimarekani kwa asilimia 6.

---

Kichuguu_TX

Shikamoo mzee, nimekupata. Wakuu, la mwisho: likianza kuyumba nifanyeje? Na ninasikia mlio wa kukwaruza nikikata kona polepole, ni kawaida?

---

Dada_Kambi

Likianza kuyumba usikanyage breki ya gari na usijaribu kulirekebisha kwa usukani. Shika usukani unyooke, toa mguu kwenye mafuta, na sukuma kile kitufe cha mkono cha kidhibiti cha breki za trela, ili trela livute kwa nyuma linyooke. Zoea kilipo kabla ya safari. Kiwango cha breki kipange kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa maili 20 hadi 25: ukisukuma kitufe peke yake trela livute kwa nguvu, bila matairi yake kufunga na kuburuzika.

Kagua pia upepo wa matairi yakiwa baridi. Ya trela kwa kawaida yanajazwa hadi kiwango cha kibandiko chake, na ya nyuma ya pikapu yakiwa na upepo mdogo ubavu wake unanesa, na unaweza kudhani ni hichi.

Mlio: fungua vyuma uangalie pale vinapoingia kwenye kichwa. Ukiona chuma kikavu kinang'aa, paka grisi. Ukitoka kwenye chuma cha msuguano ni kawaida, kinalia hivyo hivyo. Ukiwa mlio wa kugonga na si wa kukwaruza, tazama pengo kati ya shanki na risiva, na nati ya boli. Nati ya boli ikiwa imelegea, usisogeze gari.

Minyororo ya usalama ipite msalaba chini ya kopla, na waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye fremu ya gari mahali pake peke yake, usiufunge kwenye minyororo hiyo.